Mahari Pangu

Mjomba wangu alipowatangazia wenzake kilabuni, kule kwetu Kagera, kwamba mtoto wa dada yake amekwenda chuo kikuu kusomea ujambazi, walicheka hadi pombe ikawapalia. Mimi sikucheka. Nilimwandikia barua ya kurasa mbili kumweleza kwamba shahada ya uzamili ya haki jinai na elimu ya uhalifu si ujambazi, ni kutafuta kwa nini watu huvunja sheria na kama vyombo vya sheria huwatendea haki wanapoivunja. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Nimekuelewa, lakini ukirudi utufundishe kufungua makufuli."

Ndivyo nilivyokuwa. Jambo likisemwa visivyo mbele yangu, nilikuwa sili wala sinywi hadi nilinyooshe.

Ugonjwa huo niliurithi kwa baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sisi Wahaya, kama majirani zetu wengi wa kuzunguka ziwa, ulimi hututeleza kati ya L na R. Wenye Kiswahili cha redio hutucheka, na baba hakuweza kuvumilia kuchekwa. Kila jioni, kabla ya chakula, alitupanga sebuleni tukaghani kula na kura, lala na rarua, na aliyeteleza alirudia huku ndizi zikipoa. Nilipomaliza darasa la saba nilikuwa nasema kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikajiona nimeula. Tangu hapo nikawa narekebisha watu: wanafunzi wenzangu, wauza duka, hata padri mmoja niliyemfuata baada ya misa kumwambia kwamba ametuombea uzima wa "mirere."

Kabla ya kwenda chuo kikuu nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo Nansio, kisiwani Ukerewe. Wakati huo nilikuwa na stashahada tu, na umri wa kuolewa, na meza yenye mguu mmoja mfupi. Hakimu wa mahakama ya mwanzo ana kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: yeye pia ni mlinzi wa amani. Mtu akikamatwa kwa kuua, na akasema anataka kukiri, polisi humleta kwako. Polisi wanatoka nje, mlango unafungwa, mnabaki wawili. Unamuuliza kama amepigwa, unamwambia halazimiki kusema. Kisha unaandika anayoyasema, kwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Mwisho unamsomea, anakubali, anaweka dole gumba. Karatasi hiyo inaweza kumnyonga.

Miaka iliyofuata nilipata shahada ya kwanza, na baadaye nikaruhusiwa kuendelea na ya uzamili. Mada ya tasnifu haikunisumbua. Ilikuwa ile miaka ambayo biashara imefunguliwa, viwanda vya kukata sangara vimeota Mwanza kando ya maji, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Maboti ya barafu ya wanunuzi yalikuwa yanazunguka visiwani kutoka mwalo mmoja wa kushushia samaki hadi mwingine, na kwenye mialo hiyo, ambako zamani watu waligombana wakapatana kabla ya jua kuzama, sasa walikuwa wanauana. Nikataka kujua kwa nini. Msimamizi wangu, mzee mpole aliyependa kusafisha miwani yake kwa tai, alisema ni mada nzuri mradi nisiishie kulaumu samaki.

Basi nilirudi Mwanza, nikawa nashinda kwenye masijala ya mahakama na majalada ya kesi za mauaji. Palikuwa na vumbi, na karani aliyeniazima meza yake alikuwa anakula karanga na kunirushia maganda bila kujua. Kwa kila jalada nilijaza kadi moja: nani, wapi, kwa silaha gani, kwa sababu gani. Sababu nilizigawa. Ulevi. Wivu. Wizi wa nyavu. Mahari.

Mwezi wa tano, kwenye jalada moja la Ukerewe, nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilimwita hata karani aje aone. Maelezo ya ungamo niliyoyaandika nikiwa hakimu kijana, mistari imenyooka, hakuna kosa hata moja la tahajia. Mvuvi mmoja, Mjita, alikuwa amemuua shemeji yake, mume wa dada yake, kwa kumpiga kasia kichwani. Nilikuwa nimeandika hivi: "Nilimkuta shemeji mwaloni. Tuligombania mahari yangu. Nilimwambia ni yangu tangu zamani, akakataa, akanisukuma. Nikachukua kasia nikampiga mara moja. Sikujua kama atakufa."

Kesi yake ilikuwa imeshasikilizwa Mahakama Kuu. Jaji alisema ugomvi wa mahari si wa siku moja. Mtu huyu alikuwa ndiye kaka mkubwa, alikuwa na kinyongo cha miaka, na alikwenda mwaloni akiwa ameshaamua. Hiyo ni kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni moja, kunyongwa. Kama wangekuwa wamegombana palepale, ghafla, ingekuwa kuua bila kukusudia. Angefungwa miaka kadhaa akarudi kwao. Alikuwa amekata rufaa, na rufaa ilikuwa bado haijasikilizwa.

Nikajaza kadi, sababu: mahari. Kwa tasnifu yangu ilikuwa kesi tamu. Kilichokosekana ni maelezo ya dada, kwa sababu hakuitwa mahakamani na upande wowote. Yeye ndiye mjane wa marehemu, tena ndiye dada wa muuaji, na nadhani mawakili wa pande zote mbili waliogopa atakachosema. Karani, ambaye kwao ni Ukerewe pia, aliniambia kwamba mama huyo alihama kisiwa na sasa yuko Igoma, hapohapo Mwanza, anakaanga mapanki.

Mapanki ni yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yanayotoka viwandani minofu ikishasafiri. Ndiyo tuliyoachiwa sisi. Nilimkuta nyuma ya gereji ya baiskeli, mbele ya karai kubwa la mafuta, mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, khanga kiunoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Vichwa ama migongo?"

Nikamweleza mimi ni nani, kwamba ni mwanafunzi na ninaandika juu ya kesi za mialoni. Sikusema kwamba niliwahi kuwa hakimu. Aligeuza mapanki yake, kisha akanisogezea kigoda.

"Uriza," akasema.

"Mahari yako, mama. Ilikuwa bado haijaisha?"

"Mahari ipi? Yangu iritorewa yote. Baba arikuwa hai, ariipokea mwenyewe."

"Sasa kaka yako na mumeo waligombania nini?"

"Si mahari!"

"Ndiyo hiyo mahari ninayokuuliza."

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto mzito wa kuelewa. Akaweka upawa chini, akachora majivuni kwa kidole cha mguu. "Hapa ni maji. Hapa boti ra barafu rinasimama. Ukiwa karibu unauza kwanza, ukiwa mbari samaki wako wanaoza. Hapa ni mahari pa kaka, toka enzi za baba. Siku ire mume wangu akawahi, akaweka mtumbwi wake hapo. Kaka akarudi toka ziwani akakuta pameshikwa. Mahari pa mtumbwi, mwanangu. Basi, ni hiro tu ririrowaua wote wawiri."

Mimi sikusikia kitu kingine baada ya ile "pa."

Naomba nieleze, kwa sababu maisha ya mtu yalikaa hapo. Mahali huenda na pa: mahali pangu, mahali pake. Mahari huenda na ya: mahari yangu, mahari yake. Mjita wa kawaida akisema mahali, mdomoni mwake hutoka mahari, kila mtu wa ziwani anajua hilo. Lakini hatasema "mahari yangu" akimaanisha sehemu yake ya kuegesha mtumbwi. Atasema mahari pangu.

Na ndivyo alivyosema yule mvuvi. Nilipokuwa nimekaa kwenye kile kigoda, mafuta yakinirukia mikononi, nilimsikia tena, sauti yake ya kukauka ndani ya ofisi yangu ya Nansio: "Turigombania mahari pangu." Nikakumbuka na kalamu yangu ilivyosita. Nilikuwa nimeshamnyooshea turigombania ikawa tuligombania, nirimkuta ikawa nilimkuta. Nilipofika mahari nikaiacha, maana ni neno halali la Kiswahili. Kilichonikera ni ile pangu. Nikajiambia huyu hata ngeli hajui, nikaandika yangu. Sentensi ikakaa vizuri. Hata ile iliyofuata niliinyoosha kwa rula ileile, "ni pangu" ikawa "ni yangu."

Sheria ilinitaka niandike maneno yake. Niliandika Kiswahili changu. Ulimi wake ulikosea herufi moja, sarufi yake haikukosea kitu. Mkosaji nilikuwa mimi mwenye kidato cha sita na stashahada. Nilimsomea akakubali, ndiyo, na dole gumba lipo. Lakini mtu ambaye ametoka kumuua shemeji yake na hajala wala kulala tangu jana yake, unamsomea "mahari yangu," atasikia nini? Alisikia neno lake lilelile.

Nilirudi masijala nikasoma mwenendo wa kesi wote, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kujaza kadi. Mahakama Kuu huandika kwa Kiingereza, na katika Kiingereza mahali na mahari hayakaribiani hata kidogo. Mshtakiwa alisimama kizimbani akasema hawakugombania mahari ya dada, waligombania mahari. Mkalimani akatafsiri alivyosikia. Jaji akaandika kwamba mshtakiwa amekana kugombania mahari na papo hapo akakiri kugombania mahari, kwa hiyo ni mtu asiyeaminika. Nilipofika hapo nilifunga jalada, nikaweka kichwa juu ya meza ya karani. Akaniuliza kama ni malaria. Nikasema ndiyo.

Niliyotakiwa kufanya yalikuwa mepesi. Kula kiapo cha maandishi, kueleza nilivyokosea, kumpelekea wakili wa rufaa. Ni karatasi mbili, mchana mmoja.

Sikufanya. Niliitoa kadi yake kwenye boksi nikaichana, nikaweka kesi nyingine ya Sengerema badala yake. Nilijiambia rufaa huchukua miaka, hakuna haraka. Nilijiambia nikishamaliza shahada neno langu litakuwa na uzito zaidi. Uongo mtupu. Niliogopa. Kulikuwa na fununu kwamba nikirudi nitapandishwa kuwa hakimu mkazi, na niliona jinsi watakavyosema kwenye korido: yule bingwa wa lugha, ndiye huyo. Baba alikuwa ameshawaambia watu wa parokia nzima kuhusu shahada yangu. Kwa hiyo nikarudi chuoni Dar, nikatia pamba masikioni nikaandika. Juni, Julai, Agosti, nilikuwa naandika sura ya nne, inayohusu jinsi maneno ya watuhumiwa yanavyochukuliwa polisi na mahakamani. Niliandika kwa ukali mno. Msimamizi wangu alisafisha miwani akasema ni sura bora kuliko zote.

Nilitetea tasnifu nikafaulu. Novemba nikavaa joho. Baba alipanda meli na basi hadi Dar, akanishika mkono mbele ya watu, akanitamkia "hongera" taratibu, kila herufi mahali pake. Nilitaka ardhi ipasuke.

Desemba nikapiga moyo konde, nikaomba kibali, nikaenda gerezani kumwona yule mvuvi.

Walimleta kwenye chumba chenye benchi mbili na dirisha la nondo. Alikuwa amekonda na anakohoa, lakini nilimtambua. Naye alinitambua, akatabasamu kama aliyepata mgeni wa kwao.

"Shikamoo mheshimiwa," akasema.

Alikuwa ananizidi umri kwa miaka kumi au zaidi. Nikajibu marahaba kwa mazoea.

"Kalibu sana. Habali za siku nyingi? Mimi nakukumbuka. Wewe ndiye ulinipa maji siku ile. Askali walininyima, ukanipa kwenye kikombe chako. Huwa nawasimulia wenzangu."

Kalibu. Habali. Askali. Sikuelewa mara moja nilichokuwa nasikia. Nilikuwa nimekuja nikiwa tayari kusikia R zake, na hapakuwa na R hata moja.

Nikamuuliza amejifunza wapi kusema hivyo. Akanyooka kwenye benchi, kwa fahari kidogo.

"Hapa hapa. Wakili alinieleza kwamba kesi yangu ilihalibika kwa neno moja. Nilisema vibaya. Nikajiambia, kumbe ni huu ulimi wangu ndio ulioniponza. Kuna mwenzetu mmoja wa Tanga, ananisikiliza. Ile helufi mbaya sijui ni wapi inatakiwa na wapi haitakiwi, basi nimeiondoa yote, nisije nikakosea tena. Siku ya lufaa wakiniuliza, nitasema vizuli."

Maisha yangu yote nimekuwa nikirekebisha watu. Siku hiyo nilisikia "vizuli," nikauma meno.

Nikamwambia. Nilimweleza polepole, kuanzia ile kalamu iliyosita. Nilimwambia kwamba alisema pangu na mimi nikaandika yangu. Kwamba dada yake amenieleza habari za mtumbwi na boti la barafu. Kwamba kosa halikuwa la ulimi wake, lilikuwa la mkono wangu, na kwamba nitakula kiapo niseme hivyo mbele ya majaji.

Alisogea hadi ukingoni mwa benchi. Askari aliyekuwa mlangoni alianza kutuangalia.

"Kwa hiyo siku ile nilisema sawa?"

"Ulisema sawa."

"Pangu?"

"Pangu. Nilikusikia mwenyewe."

Nilidhani atanirukia. Ningeshukuru. Badala yake aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kabla sijapata maneno yake.

"Mama alikuja mwezi wa nane," akasema. "Mzee, macho hayaoni. Alitoka kisiwani na meli. Yeye hajui Kiswahili, ni Kijita tu. Akanisalimia Kijita. Mimi nikakataa kumjibu. Niliogopa, nikisema Kijita siku moja tu, ulimi utaludi kule. Nikamjibu Kiswahili, hivi hivi ninavyosema sasa. Kuna askali Mjita, ndiye aliyekuwa anamtafsilia. Mama akanishika uso, akamuuliza yule askali, huyu mliyeniletea ni nani? Kisha akaondoka." Akajifuta kwa kiganja. "Alifaliki mwezi wa kumi. Nilitaka kumwambia nikishinda lufaa nitasema naye Kijita mwaka mzima."

Mwezi wa nane nilikuwa Dar, sura ya nne.

Akanyanyua macho. Hayakuwa na hasira hata chembe, na nadhani kama yangekuwa nayo ningejibu vingine.

"Uligundua lini, mama?"

"Juzi," nikasema. "Juzi tu, nilipokuwa napitia majalada."

Akaniombea. Aliinua mikono yake miwili, akasema Mungu akubaliki kwa kuja halaka.

Kiapo nilikiandika wiki ileile, wakili akakipokea. Hakikusomwa na jaji yeyote. Kile kikohozi kilikuwa kifua kikuu, na kabla ya Pasaka mvuvi yule alifia kwenye wodi ya gereza. Rufaa ya mtu aliyekufa hufutwa pamoja naye, jalada linafungwa, na kwenye kumbukumbu za serikali yeye bado ni mtu aliyeua kwa ajili ya mahari. Dada yake nilimpelekea habari mimi mwenyewe. Alizima moto chini ya karai, akakaa chini, nami nikakaa naye hadi wateja wakaacha kuja.

Mimi nilipandishwa cheo mwaka uliofuata.

Kwenye kiapo, pale panapotakiwa kutaja siku nilipogundua kosa, niliandika mwezi wa tano. Kiapo husomwa na majaji, na majaji niliogopa kuwadanganya.

Yeye nilimdanganya.